Nilicheka karatasi za waongoza ndege, halafu Anko akanipigia simu

Wasee, leo hakuna video. Nimeandika, na ni ndefu kiasi, kwa hivyo kama uko kwa matatu na magari ya Ngong Road hayasongi, soma pole pole.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka video yangu ya Juni 2025. Nilikuwa nimesimama juu ya jengo moja hapa Upper Hill, na nyuma yangu ndege ndogo ilikuwa inapaa kutoka Wilson. Habari yenyewe ilikuwa ya Marekani. Kaimu mkuu wa FAA, ile idara yao ya usafiri wa anga, alikuwa ameenda mbele ya Bunge akasema wanataka kuachana na diski za floppy na vile vikaratasi ambavyo waongoza ndege huandikia. Mimi nikaona video imejileta yenyewe. Nikasema, "Hebu fikiria, uko juu futi elfu thelathini, na maisha yako iko kwa karatasi na biro." Nikacheka. Nikamaliza na mstari wangu wa kila siku: karatasi ikufe, kila kitu iingie kwa skrini.

Hiyo video ilitembea kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Hata ofa ya kazi ililetwa na hiyo video. Nitafika hapo.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Ilikuwa Anko.

"Kijana, nimetumiwa kitu na binti yangu. Huyu anayecheka ni wewe?"

"Ni mimi, Anko."

"Sawa. Alhamisi niko na kliniki ya macho huko Upper Hill. Utanipeleka, halafu utaninunulia chai, halafu utaniambia kinachochekesha."

Anko ni kaka mdogo wa mathe. Alisomea uongozaji wa ndege Embakasi miaka ya themanini mwanzo, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa mnarani na kwa rada mpaka akastaafu. Nyumbani tulimjua kama yule anko haongei sana na hapendi watu wawili waongee kwa wakati mmoja. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nikiwa na deni la karo na kusema ukweli nikiwa nimeacha kuingia darasani hata kabla ya deni, kila mtu kwa familia alinipa hotuba. Yeye aliniuliza tu, "Sasa utafanya nini?" Nikamwambia video za teknolojia. Akasema, "Fanya. Lakini ufanye ukiwa macho."

Kwa hivyo mjue hiyo simu iliniuma.

Alhamisi tulitoka kliniki saa tano hivi, jicho moja limewekwa dawa, tukashuka mpaka kibanda kimoja nyuma ya yale majengo marefu. Unajua vile Upper Hill iko. Mbele ni vioo, Britam Tower mita 200, UAP Old Mutual ghorofa 33, na ukizunguka nyuma kuna mama anapika chapo na madondo chini ya mabati. Tukaagiza chai. Anko akaingiza mkono kwa koti akatoa kipande cha plastiki, chembamba, kirefu kama rula fupi. Akakiweka mezani.

"Hicho ndicho kishikilio. Karatasi inaingia hapo."

Nilikuwa nimecheka kitu sijawahi kuona.

Wacha niwaelezee vile alinielezea. Kila ndege ikitaka kuruka au ikikaribia kutua, inapata kikaratasi chake. Waongoza ndege huita stripu. Juu yake kuna jina la safari, aina ya ndege, inatoka wapi na inaenda wapi, saa, kimo, njia, na namba nne za kutambulisha ndege kwa rada. Hizo namba zinatumia tarakimu 0 mpaka 7 pekee, hakuna 8 wala 9. Kikaratasi kinaingizwa kwa hicho kishikilio, na vishikilio vinapangwa kwa ubao ulioinama kidogo mbele ya mwongoza ndege.

Anko akachana karatasi ya tishu vipande vitatu, akavipanga mmoja juu ya mwingine kati ya kikombe na sahani ya sukari.

"Huyu wa chini anatembea kutoka maegesho. Huyu wa kati amefika mwisho wa njia, anangoja. Huyu wa juu yuko kwa njia ya kurukia. Nikimwambia rubani aingie, nasongesha karatasi yake juu. Mkono unasonga, macho yanaona, mdomo unaongea. Vitu vitatu vinaambia kichwa kitu kimoja."

Halafu akaendelea. Ukimpa rubani kimo kipya, hufuti kile cha zamani. Unakikata kwa mstari na kuandika kipya kando, ili yeyote akiangalia aone historia yote. Ndege ikiwa na jambo bado halijamalizika, unavuta kishikilio chake kidogo kikae upande, kikitokeza nje ya wenzake. Hiyo haijaandikwa popote kwa karatasi. Lakini ukipitisha macho, kile kimekaa upande kinakuita. Na kama kuna gari la matengenezo kwa njia ya ndege, kuna kishikilio maalum kinawekwa pale juu, kwa hivyo huwezi kuweka stripu ya ndege hapo bila mkono wako kugonga onyo kwanza.

"Na mwenzako akipita nyuma yako," akasema, "haulizi kama umelemewa. Anaona ubao umejaa. Anavuta kiti, anakaa, anakusaidia. Hakuna mtu ameongea."

Akakunywa chai. "Sasa niambie kinachochekesha."

Sikuwa na jibu. Na sababu sikuwa na jibu si heshima tu. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshaona ubao kama huo, na macho yangu. Nilikuwa nimefanya kazi mbele yake miezi tisa.

Hii sijawahi kusema kwa video yoyote.

Baada ya kuacha chuo nilipata kazi ya kuhudumu kwa mkahawa mmoja huku huku Upper Hill. Sitautaja. Wateja wetu walikuwa watu wa ofisi, na kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana ilikuwa vita. Jikoni kulikuwa na mpishi, sisi wote tulimwita Aunti. Juu ya kaunta yake kulikuwa na reli ya bati, na sisi tulikuwa tunabana karatasi za oda hapo. Aunti alikuwa na lugha yake. Karatasi imegeuzwa kichwa chini, hiyo inangoja ugali. Imesukumwa kando, chakula kimetoka lakini kuna kitu kimebaki. Na kama mteja ana jambo la afya, hali pilipili, hali njugu, sisi tulichukua kalamu nyekundu tukazungusha duara kubwa. Aunti akiona nyekundu alikuwa anaitoa hiyo karatasi kwa reli na kuibandika kwa ukuta mbele ya uso wake mpaka chakula kitoke.

Halafu mkahawa ukaleta tableti. Nilifurahi kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye nilikuwa yule kijana wa mambo ya kompyuta, nikasaidia hata kuziwasha. Siku ya mafunzo, ambayo ilikuwa kama dakika arobaini, Aunti aliuliza swali moja. Aliuliza, "Na alama yangu nyekundu itakaa wapi?"

Yule jamaa wa kuweka mitambo alicheka. Na mimi nikacheka. Akamwambia, "Aunti, hapa hakuna kalamu, kuna sehemu ya maelezo." Na ilikuwepo. Shida ni kwamba kwa skrini ya jikoni ilionekana oda pekee. Maelezo yalikuwa chini, mpaka uguse. Na ili oda inayofuata ije, ilibidi ubonyeze kwamba hii umeiona.

Wiki ya tatu, mwanamke mmoja akaagiza mboga za kienyeji. Aliniambia bila njugu, na akaniambia kwa nini. Niliandika. Naapa niliandika. Ilikuwa saa saba kasorobo, jikoni kuna oda kama ishirini, na Aunti anabonyeza, anapika, anabonyeza. Mboga zikatoka na mchuzi wa njugu kama kawaida. Nikazibeba mimi mwenyewe mpaka mezani.

Midomo yake ilianza kufura kabla hajamaliza nusu. Wenzake wakambeba kwa gari. Bahati ya Upper Hill ni kwamba hospitali haiko mbali. Alilazwa siku mbili, akapona.

Meneja akafungua rekodi. Rekodi ilionyesha nimeandika maelezo. Rekodi ikaonyesha jikoni walibonyeza wameona. Mimi nikawa msafi. Aunti akaachishwa kazi Ijumaa hiyo, na siku anatoka na mfuko wake nilikuwa kwa kaunta nikipanguza tableti. Nilinyamaza. Nilijua kabisa kwamba kwa karatasi hiyo isingetokea, na nikanyamaza kwa sababu rekodi ilikuwa inanilinda.

Nilimwambia Anko hayo yote pale kibandani. Hakunifariji. Alisema, "Alikuwa na stripu yake. Mkamnyang'anya, halafu mkamuuliza kwa nini hakuona."

Nilidhani sasa ataanza kusifu karatasi na kuniambia enzi zetu. Hapana. Akakunja zile tishu akasema, "Lakini usiende sasa ukaweka video ingine useme karatasi ni malaika."

Akanipa kesi mbili, na baadaye nilienda nikazisoma mwenyewe.

Ya kwanza ni ya hapa nyumbani. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakuja kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliwapa kibali cha kushuka mpaka futi saba tano sifuri sifuri, yaani 7,500. Ndani ya ndege wakaelewa tano sifuri sifuri sifuri. Sasa, uwanja wetu uko juu zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Yaani walikuwa wanashuka kwenda kimo ambacho ni chini ya ardhi. Kosa halikunaswa kwa redio. Ndege ikatoka kwa mawingu, marubani wakaona ardhi iko pale pale, wakavuta juu. Walikuwa wamebakisha kama futi 70. Futi 70 ni jengo la ghorofa sita hivi. Kwa ndege kubwa namna hiyo, ikiwa na watu ndani.

"Hapo hata uwe na mwandiko mzuri namna gani," Anko akasema, "karatasi haisikii. Haiwezi kukuambia kwamba kwa ndege wameweka namba ingine." Siku hizi kuna rada zinazoweza kusoma kimo ambacho rubani amechagua kwa mitambo yake, na skrini ikalinganisha na kile mwongoza ndege ameingiza. Namba zikitofautiana, inawaka. Hiyo karatasi haiwezi, milele.

Kesi ya pili ni Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, usiku. Mwongoza ndege mnarani aliweka ndege ndogo ya abiria kwa njia ya kurukia, akaiambia ingoje. Halafu akaingiwa na mambo mengine. Kulikuwa na ndege ingine haikuwa inajibu kwa redio, na kulikuwa na stripu ya ndege ya tatu haikuwa mahali ilipaswa kuwa. Akachanganya ndege moja na ingine. Akaruhusu Boeing 737 itue kwa njia ile ile ambayo ndege ndogo ilikuwa inangoja gizani. Watu 35 walikufa. Wote 12 waliokuwa kwa ile ndogo walikuwa kati yao.

Karatasi moja haikuwa mahali pake. Kwa mfumo wa skrini, stripu haianguki chini ya meza wala haisahauliki kwa meza ya mwenzako. Ukiipeleka, inafika. Mfumo ukijengwa vizuri unaweza kukataa au kukupigia kelele ukijaribu kutuma ndege kwa njia ambayo tayari ina ndege. Kwa hivyo ukiniuliza kama mnara unapaswa kuhama kutoka karatasi, jibu langu bado ni ndiyo. Kilichobadilika ni swali ninalouliza kwanza.

Nilirudi nyumbani nikasoma usiku kucha, kitu sikuwahi kufanya nikiwa chuo.

Kuna mtafiti anaitwa Wendy Mackay, alikaa na waongoza ndege kwa kituo cha Athis-Mons karibu na Paris, akaandika matokeo mwaka wa 1999. Kichwa cha ripoti yake kilikuwa swali: je, karatasi ni salama zaidi? Majaribio ya awali ya kuondoa stripu yalikuwa yamegonga ukuta, na watu wengi walikuwa wanasema waongoza ndege ni wazee wanaogopa kompyuta. Alichoona ni kwamba walikuwa wanatumia karatasi kwa kazi nyingi ambazo fomu haijui: kuipa mwenzako mkononi ili ujue kwa hakika ameipokea, kuisukuma kando ijikumbushe, kuandika huku wewe na yeye mnaangalia kitu kimoja. Wale waliokuja na skrini walinakili maandishi, wakaacha hizo kazi zingine zote nje.

Kisha kuna Kanada. Kampuni inayoongoza ndege kule, NAV CANADA, ilianza mwaka wa 1996, na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Toronto walikuwa wanatumia stripu za skrini. Mfumo waliutengeneza wenyewe, na waongoza ndege walikuwa ndani ya kazi hiyo. Kwa skrini bado kuna vikaratasi, vya mwanga, unavivuta kwa kidole au kalamu, unavipanga juu chini, mkono bado unasonga. Walihamisha ubao mzima pamoja na tabia zake. Waingereza wa NATS wakaununua miaka ya 2000 wakauweka Heathrow, Gatwick na Stansted. Kumbuka Heathrow ni moja ya viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi duniani. Walichukua kitu ambacho wenzao wa kazi ile ile walikuwa wametumia na kukilalamikia na kukirekebisha.

Na Marekani, wale niliowacheka? FAA walitoa mkataba wa mfumo wa minara yao mwaka wa 2016. Mwaka wa 2025 bado mkuu wao alikuwa mbele ya Bunge akiongea juu ya karatasi. Pesa wako nayo, wataalamu wako nao. Kazi yenyewe ndiyo ngumu. Huwezi kufunga uwanja wa ndege wiki mbili ufundishe watu. Ndege zinakuja huku unabadilisha. Kila mwongoza ndege lazima afanye mazoezi kwa mnara wa kuigiza mpaka mkono uzoee, na bado siku ya kwanza unapunguza ndege ili watu wapate pumzi. Dakika arobaini za mafunzo hazitoshi. Nasema tu.

Kwa upande wetu wa dunia kuna hadithi ya kununua kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka wa 2001 serikali ya Uingereza iliruhusu BAE Systems iuzie Tanzania rada ya pauni milioni 28. Waziri wao mwenyewe wa misaada, Clare Short, alipinga. Benki ya Dunia na shirika la kimataifa la usafiri wa anga wakasema ni ghali mno na haifai kwa kazi ya ndege za kiraia. Ikanunuliwa. Mwaka wa 2010 BAE ilikiri mahakamani London kwamba haikuweka hesabu zake sawa kuhusu mauzo hayo, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania.

Hapa Kenya, wengi wetu hata hatujui nani anaongoza ndege. KAA inasimamia viwanja. Ndege zenyewe zinaongozwa na KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hao ndio wako mnarani JKIA, Wilson, Mombasa, Kisumu. Na anga yetu si ya mchezo. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 yenye watu 44 ilipaa kutoka Wilson kuelekea Diani, ikagongana angani na Cessna ndogo ya mafunzo karibu na Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwa Cessna walikufa. Siitaji hiyo ili nimlaumu mtu. Nataja kwa sababu ukiwa Upper Hill unaziona hizo ndege kila asubuhi, na mimi nilizitumia kama mapambo ya nyuma ya video.

Kitu cha mwisho Anko alisisitiza ni siku ambayo skrini imezima. Angalia Agosti 2023. Tarehe 25, stima ilipotea karibu nchi nzima, na JKIA tukaona abiria wamekaa gizani kwa vituo vyao. Siku tatu baadaye, tarehe 28, Uingereza, wenye mitambo ya maana, mfumo wao wa kupokea mipango ya safari ulisimama. Safari moja ilikuwa na alama mbili za njia zenye jina moja, kompyuta ikachanganyikiwa ikajizima. Wakarudi kuingiza mipango kwa mkono, wakapunguza ndege, na abiria zaidi ya laki saba wakaathirika. Lakini hakuna ndege iligongana. Wakati mashine imelala, kulikuwa na watu wanajua kufanya kazi pole pole bila hiyo mashine. Ukiondoa karatasi ukamwondoa na mtu anayejua kuitumia, siku kama hiyo utasimama na nini?

"Bado tulikuwa tunawafundisha vijana karatasi," Anko akaniambia. "Wananung'unika. Mimi nawaambia, jifunze kuogelea hata kama una mashua."

Sasa ile ofa.

Baada ya video kutembea, kampuni moja ilinitafuta. Wana programu ya kliniki ndogo, wanataka kuondoa karatasi zile za kando ya kitanda ambazo wauguzi huandika dawa na joto la mwili. Walitaka video tatu za mtindo ule ule, wa kucheka karatasi. Pesa ilikuwa kodi ya nyumba yangu ya miezi miwili na kitu juu. Miezi michache kabla ningesema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi.

Nilienda ofisini kwao, hapa hapa Upper Hill, ghorofa ya juu, kahawa safi. Programu ni nzuri, sitadanganya. Nikauliza swali la Aunti. Nikasema, muuguzi akiwa na mgonjwa anamtia wasiwasi lakini bado hakuna namba mbaya ya kuandika, siku hizi anafanya nini na hiyo karatasi? Anaikunja? Anaiacha juu ya zingine? Na kwa programu yenu, hiyo itakaa wapi?

Wakaangaliana. Mmoja akasema kuna sehemu ya maelezo.

Nikauliza ni wauguzi wangapi wameitumia usiku mmoja mzima, zamu yote. Akasema wauguzi wataiona siku ya uzinduzi.

Nikawaambia nitafanya video, lakini kwanza wanipeleke nikae zamu moja na wauguzi na hiyo tableti, niseme nilichoona. Wakasema watanipigia. Wiki iliyofuata nikaona video imetoka na mtengeneza video mwingine, na amefanya poa kusema ukweli. Ana taa nzuri kuliko zangu.

Sijui kama kuna mgonjwa ataumia. Labda hakuna. Labda watarekebisha. Lakini mimi nimewahi kubeba sahani mpaka mezani nikiwa na uhakika kwamba mfumo unajua, na sikutaka kuibeba tena kwa pesa.

Ile video ya Juni sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea na kwamba mwone hii. Mtu mmoja tayari ameniambia nimekuwa mzee. Sawa tu.

Jana nilimpigia Aunti. Namba yake nilikuwa nayo wakati wote. Ana kibanda chake sasa, upande wa Kawangware. Nilimwambia nilipaswa kusema kitu siku ile na sikusema. Alinyamaza kidogo, nikasikia sufuria inagongwa.

Akasema, "Mimi niliuliza tu alama itakaa wapi."

Nikasema, "Najua, Aunti. Nilicheka."

"Ulicheka," akasema. Halafu akaniambia ana wateja, nimpigie jioni. Nitampigia.